Mdomo wa Mjomba Prodromos

Volos, Jumatano 3 Septemba

Mpwa wangu Asimina,

Hujambo? Na miguu ya mama yako, dada yangu Stamatia, imepungua uvimbe? Mimi mzima kama chuma, kibanda cha magazeti kinauza. Natumaini simu yako inakusomea haya kwa sauti ya heshima.

Mama yako kanipigia. Anasema Jumatatu unaanza kazi ya kupokea simu hospitalini, na usipoweza kutoka kituo cha basi hadi huko peke yako, ukae naye kijijini umenye maharage hadi uzeeke. Usihofu. Magari yaliyokuwa yanapaki juu ya ule mstari wa njano wenye vinundu, mnaoufuata kwa fimbo nyinyi msioona, nimeyafukuza yote. Thrasos muuza samaki alibisha. Nikanyanyua mkia wa gari lake kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kahawa, na haikumwagika. Halafu nikapanga viti juu ya mstari hadi hospitali ili yasirudi, kama tunavyowekeana nafasi za kupaki. Njoo Jumamosi ujaribu.

Mjomba wako,
Prodromos

Kijijini, Jumapili 7 Septemba

Shikamoo mjomba,

Umeamkaje? Mimi mzima, isipokuwa muundi wa kulia.

Gari la Thrasos nilishalizoea, mjomba. Kiti sikukitarajia. Nilivyoanguka jana mama alikuwa nyuma yangu. Leo anataka niiache kazi. Nimemwomba hiyo Jumatatu moja tu. Nikianguka tena, basi.

Mpwa wako,
Asimina

Volos, Jumapili hiyo hiyo, mchana

Marahaba mwanangu,

Pole na muundi. Kiti chenyewe nimekivunja kwa goti.

Vilivyobaki nimevisogeza ukingoni mwa barabara, na kesho kila kiti kitakuwa na mtu. Magari yatapita wapi kuufikia mstari? Na wote watakuelekeza kwa sauti, kushoto binti, kulia binti. Thrasos akipaza yake, hadi kisiwani Skiathos wanafunga madirisha.

Mjomba wako,
Prodromos

Kijijini, Jumapili, jioni

Mjomba wangu,

Ahsante, lakini hapana. Mstari unapokatika, navuka kwa masikio. Friji la kibanda chako likiunguruma, najua niko kwenye kona. Feni ya muoka mikate ikinipulizia, najua ndipo pa kuvukia. Mkipiga kelele nitasikia mtaa mzima, isipokuwa gari linalokuja.

Watu wakae kwenye viti vyao, asiseme mtu. Hata wewe. Hasa wewe. Utaweza?

Asimina wako

Volos, Jumatatu 8 Septemba, asubuhi

Asimina,

Salamu baadaye. Naandika kwa sababu umenifunga mdomo.

Umepita sasa hivi. Umeligusa friji kwa fimbo ukasema, "Habari za asubuhi, mjomba." Sikuitikia. Mama yako alitangulia na basi la kwanza. Yuko hapa nyuma ya friji, anatafuna ncha ya kitambaa chake. Tangu kuzaliwa sijawahi kunyamaza hivi. Hata ndani ya maji ya ubatizo nilikuwa nabishana na padri. Thrasos kajiziba mdomo kwa kofia. Ndege wa baharini wametua kwenye waya, nakuapia, wote kimya. Dereva mmoja alitaka kupaki kwenye mstari. Watu wakasimama kwenye viti vyao bila neno, akarudi kinyumenyume hadi mji wa Larisa.

Sasa umekata kona kwa muoka mikate. Hatukuoni. Mama yako kanishika mkono, ameniachia alama za kucha. Umefika? Andika, mwanangu. Hata neno moja.

Mjomba wako

Volos, Jumatatu, saa za kazi

Shikamoo mjomba,

Mzima? Na mkono wako?

Nimekaa kwenye kiti changu. Kiti kizuri, hakipo juu ya mstari. Simu ya kwanza niliyoipokea ilikuwa ya mama, anauliza, bila kunitambua sauti, kama Asimina amefika. Nikamwambia asubiri kidogo, namuunganisha naye.

Sasa, mjomba, ongea.

Mpwa wako,
Asimina