Bomba Lielekee Ziwani

Mkuyuni, Mwanza
3 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi mzima, ukiondoa njaa ya mwisho wa mwezi ambayo umeshachoka kuisikia. Samaki uliompa Jovinary alete na gari lake walifika. Tumewala na wenzangu wa chumba mpaka tukawa tunalamba karatasi.

Sasa kaa kwenye kigoda, nina habari. Chuo kimenichagua kwenda kusoma muhula mmoja Asia, Septemba hadi Desemba, na gharama zote ni zao. Tumepewa miji mitatu, tuipange kwa namba, fomu irudi kabla ya mwisho wa Mei. Kuna Kochi kule India, mji wa baharini. Kuna Can Tho, Vietnam, kwenye mto mkubwa ambako wanafuga kambare. Na kuna Busan, Korea, bandari kubwa yenye soko la samaki na baridi kali. Kote wanafundisha fani yangu ya kusindika samaki, na kote wana tanuri za kubanikia zenye bomba, moshi unatoka nje bila kupita usoni mwa mtu.

Nilipoona picha ya hizo tanuri nilikuona wewe umeinama bandani, machozi yanakutoka, unageuza sangara. Nataka nirudi nikujengee moja. Tangu baba afe wewe ndiye baba na mama, kwa hiyo sipangi miji peke yangu. Nichagulie.

Mjukuu wako na mke mwenzako mdogo,
Evelina


Isamba
11 Machi 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika kama alivyokuwa akilalamika mume wetu, babu yako, na mimi siyasikilizi kama nilivyokuwa simsikilizi yeye. Nimefurahi mpaka nimemsomea Jovinary barua yako kwa sauti.

Miji ni rahisi. Can Tho iwe ya kwanza: mto, kambare, wali, utajiona uko nyumbani. Kochi ya pili, maana pilipili itakusumbua, tumbo lako nalijua. Busan iwe ya mwisho kabisa. Wewe uliyekuwa unalia kuogeshwa mwezi wa saba, baridi ya Korea unaitaka ya nini?

Huku si kuzuri. Ndalahwa, mtoto wa baba yako mdogo Mashimba, tulimzika Jumanne. Homa ya siku tatu tu, na alikuwa na miaka sita. Mashimba unajua nilimlea mimi, mama yake alikuwa mke mwenzangu wa kweli na alikufa huyu hajamaliza kuota meno. Pale kaburini nilimpa mkono hakuupokea. Nikasema ni uchungu.

Kumbe mpiga ramli amewaambia kwamba aliyemla mtoto ni mwanamke mwenye macho yanayowaka. Evelina, nimebanika samaki miaka arobaini na miwili. Macho yangu yangekuwa meupe kwa dawa gani? Jana asubuhi nilimkuta mbwa wetu amechinjwa, kichwa wamekiweka kwenye kizingiti kinitazame. Nilimzika, nikafagia damu, nikaenda kuwasha moto wa samaki wangu.

Mke mwenzako mkubwa,
Ng'washi


Mkuyuni
15 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Siulizi magoti leo. Nyanyuka uje. Panda na Jovinary hata juu ya samaki, kitanda changu nitakupa mimi nitalala chini. Miji ikae pembeni kwanza. Naogopa mpaka darasani sisikii mwalimu anasema nini.

Mjukuu wako anayekusubiri,
Evelina


Isamba
2 Aprili 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, na usiniandikie kama karani wa polisi. Mimi mzima. Nyumba ndiyo si nzima. Alhamisi mchana nimeenda kuchota maji, narudi nakuta paa linawaka na watu wamesimama mbali wamekunja mikono. Hakuna aliyeshika ndoo. Kuku watatu waliokuwa wanaatamia waliungua juu ya mayai yao.

Mwanza siji. Nikikimbia nimekiri, na nikishakiri sina pa kurudi, na babu yako na baba yako wamelala hapa. Nimewaaga watu kwamba naenda Bujora kumuuguza dada yangu. Ukweli ni kwamba niko kwenye banda la Annet, lile la mwisho kabla ya matete. Annet amerudi kwao Kagera, ameniachia ufunguo kupitia kaka yake Jovinary. Moshi hauwashangazi, mabanda yote ya hapa mwaloni, wanaposhushia samaki, yanatoa moshi. Hasira yao ikipoa nitatokea.

Anayejua ni Jovinary na wewe. Usimwambie mtu. Hata kwenye sala usitaje.

Fomu umeijaza? Can Tho, Kochi, Busan. Usibadilishe.

Mke mwenzako mkubwa,
Ng'washi


Mkuyuni
11 Aprili 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi hakikutoi nje huko matete.

Kuna kitu nimefanya, na najua utanigombeza. Fomu inataka saini ya mlezi. Wewe umejificha, nikampigia baba mdogo Mashimba. Alikuja jana na basi la asubuhi, kichwa kimenyolewa, amekonda mpaka shati linamning'inia. Alisaini bila kuuliza. Halafu akalia hapohapo kwenye kibanda cha chai, watu wanamtazama. Akaniuliza, "Mama anaendeleaje huko Bujora?"

Bibi, nilimwambia. Ndiye mwanaume pekee aliyebaki kwenye ukoo. Tangu lini mama akatishiwa kuchinjwa, mtoto wa nyumba asijulishwe? Nilimwambia uko banda la Annet, nikamwomba akulinde. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Niachie mimi." Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Mjukuu wako,
Evelina


Kituo cha afya, ng'ambo ya ghuba
24 Aprili 2024

Evelina,

Mimi ni mzima. Mwandiko usikushtue, ni mkono wa kushoto, ndiyo kwanza unaanza shule.

Jumapili ya tarehe 14, watu wakiwa kanisani, walikuja watatu. Walivaa makoti ya mvua na jua linawaka, kofia zimefunika nyuso. Nilikuwa nageuza samaki. Panga la kwanza nililikinga kwa mkono, vidole vitatu vikaanguka juu ya wavu wa chuma wa kubanikia, katikati ya sato. La pili lilinipata begani. Nilishika ule wavu kwa kitenge, umeiva mwekundu, nikamkandamiza nao usoni aliyekuwa karibu. Nilikandamiza mpaka nikasikia nyama inalia. Alipiga kelele, "Mayu!" Wote wakakimbia. Kila anayeungua humwita mama yake.

Wavuvi walinivusha kwa mtumbwi. Muuguzi Teodora amenishona vizuri, ana mikono miepesi. Polisi wameniuliza niliowaona. Nimesema sikuona uso.

Barua yako ya tarehe 11 Jovinary amenikabidhi hapa kitandani. Nimeisoma, nikaikunja. Usije sasa. Peleka fomu, na usiniulize kitu kingine.

Ng'washi


Mkuyuni
12 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeshindwa kuvuka kuja kukuona, nikarudi. Nitakueleza yote kabla hujaambiwa na mwingine.

Alhamisi nilifika Isamba ili nivuke. Nisingeweza kupita bila kwenda kumwamkia baba mdogo. Mke wake Sabina alinikaribisha. Baba mdogo alikuwa amekaa ndani, shuka imefungwa kuzunguka uso. Akasema ni jino. Sabina alileta maji, baba mdogo akaifungua shuka ili anywe. Shavu lote la kushoto lilikuwa na vidonda vya mraba, mraba, mraba, mpaka kwenye jicho. Mimi wavu wako nimeusugua tangu nina miaka saba. Nayajua matundu yake.

Akaona ninavyomtazama. Hakukana. Alisema tu, "Mwanangu naye alikufa."

Nilitoka uani nikapiga mwano, lile yowe la hatari. Unajua mwano. Ukipigwa hakuna anayebaki ndani, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Walikuja, wakaniuliza nini, nikanyoosha kidole, nikasema wavu wa bibi uko usoni kwake, ndiye aliyemkata. Wale wale waliokunja mikono nyumba yako ikiungua, bibi. Walimtoa wakamkata pale kwenye kizingiti. Sabina alimlalia, wakamvuta miguu wakaendelea. Ilichukua muda. Sikusema acheni. Nilijua ninachofanya, na wakati ule nilitaka.

Sasa sitaki, lakini imeshakuwa. Damu ilinirukia kwenye viatu. Polisi walipofika kila mtu alikuwa shambani. Mimi nilieleza, wakaandika, wakasema nirudi chuo wataniita.

Evelina


Kituo cha afya
20 Mei 2024

Evelina,

Nilimjua. Nilimjua kabla panga halijashuka, kwa jinsi alivyoinama mlangoni, maana tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa anajigonga kwenye kila mlango wangu. Aliposema Mayu alikuwa ananiita mimi.

Nilinyamaza makusudi. Vidole vilikuwa vyangu, na kusamehe au kutosamehe kulikuwa kwangu. Nilitaka shavu lipone aje hapa, akae chini, aniambie kwa mdomo wake. Nilikuwa nimeshapanga hata tusi la kumkaribishia. Wewe umenikosesha hilo. Umefungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili mapanga yamekuja mlangoni.

Sisemi mimi niko safi. Mimi nilimchoma, wewe ukamwonyesha, wao wakamkata. Nimevuka kwenda kumzika na bega likiwa bado na nyuzi. Sabina amezika wawili ndani ya miezi mitatu. Wale waliomuua walinipisha njia na kuniamkia kwa heshima, eti sasa mimi si mchawi. Niliwatemea mate.

Miji niliyokupangia futa. Weka Busan mbele. Nataka uwe mahali ambapo ukipiga kelele hakuna anayekuelewa.

Mama yake Mashimba


Busan
10 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tano tangu nifike. Naipiga picha, namtumia Jovinary kwenye simu, anaichapisha stesheneri pale Nyamagana. Anasema unazipokea na unaziweka chini ya godoro. Basi naendelea.

Kabla sijaondoka nilirudi polisi mara mbili, nikawatajia majina niliyoyaona. Hakuna aliyekamatwa mpaka leo.

Niliweka Busan mbele kama ulivyosema. Baridi imeanza, na vidole vyangu vinauma asubuhi, kila vinapouma nakumbuka vile vitatu vyako. Mwezi wa kwanza nilienda ufukweni nikapiga mwano, nikaupiga mpaka sauti ikaisha. Watu walisimama wakanitazama, wakaondoka. Hakuna aliyekuja na chochote. Baadaye mama mmoja muuza samaki, rika lako, aliniletea supu kwenye bakuli akanisimamia mpaka nikaimaliza. Akanigombeza sana kwa lugha yake, kisha akaondoka na bakuli lake.

Sokoni wamejaa wanawake kama yeye, wamevaa buti za mpira, wanapasua samaki wakubwa kuliko mimi na kutukana wateja. Wana miaka sabini, themanini, na hakuna anayewachunguza macho. Nawatazama mpaka naona aibu.

Sikuombi unisamehe. Nimekuchorea tanuri. Kuta, mlango wa kuni, nafasi ya nyavu nne, na bomba la kutolea moshi. Nimeipima kwa uwanja wako, pale nyumba ilipoungua. Fundi yeyote ataielewa. Ukiitupa, itupe, lakini iangalie kwanza.

Sijui siku hizi nijiite nani kwako.
Evelina


Isamba
1 Desemba 2024

Evelina,

Marahaba. Barua zako zote tano ninazo. Bega linainuka mpaka usawa wa sikio. Sabina amehamia kwangu, kwenye kibanda nilichoinua kando ya nyumba iliyoungua, tunalala chumba kimoja, usiku anakoroma. Vaa soksi mbili mbili, hiyo ya vidole kuuma ni uzembe wako.

Mchoro umefika. Nimemwonyesha Revocatus, fundi wa matofali. Anasema umechora vizuri ila hujaandika unene wa ukuta, na anauliza kama matofali yetu ya kuchoma yatahimili au yatapasuka. Waulize hao walimu wako kabla hujapanda ndege, maana ukishafika hapa nataka kazi ianze, sitaki maelezo.

Na kuna kosa. Mdomo wa bomba umeuelekeza upande wa mgomba. Ugeuze. Upande ule nimemlaza Mashimba, na yeye tangu mdogo moshi ulikuwa unamliza. Bomba lielekee ziwani.

Mke mwenzako mkubwa,
Ng'washi