Mtoto Alipiga Chafya kwa Jina Lako

Kiptere,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa ndugu yangu mpendwa, Johana Kipkosgei,

Chamge, ndugu yangu. Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu aliye hai. Afya yako yaendeleaje? Kile kifua chako kinavumilia theluji ya huko? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, chai imechipuka mpaka wachunaji hawatoshi. Mimi goti linanisumbua, siku hizi naomba nikiwa nimeketi, Mungu anaelewa.

Baada ya salamu, ujue nimechoka na wewe, Kipkosgei. Nitakueleza polepole ili usiseme dada yako amepayuka.

Chege wa duka la vitabu Kericho, yule aliyekuwa akiuza vitabu vyako vya watoto kwa kificho wakati ule mbaya, aliniita akanipa kitabu chako kipya kilichochapwa huko ugenini. Hakikuwa na barua ndani, hata kikaratasi cha salamu. Lugha yao siijui, lakini picha nimeziona. Ni nani alimwambia mchoraji wenu kwamba watu hupanda ngazi kuchuna majani chai? Na vikapu wamebeba kichwani! Wewe ambaye mama alikuwa akichuna na kikapu mgongoni, wewe ukilia nyuma yake, ulikubali hiyo itoke? Chege alicheka mpaka akavua miwani, akasema watoto wa huko wakija kututembelea watatuuliza ngazi tumeficha wapi. Mimi sikucheka.

Nimekutetea sana. Ulipoandika ile hadithi ya nyani aliyezungushia chemchemi seng'enge, nilikuomba uiondoe seng'enge. Ukanijibu ati dada, ni hadithi ya watoto tu. Haya, watoto ndio waliokuponza. Mheshimiwa aliyekuwa amefunga maji ya watu alipokuja kuhutubia sokoni, walimwita Nyani, wote kwa pamoja, na sare zao za shule. Wiki hiyo hiyo gari lisilo na namba likaanza kuulizia nyumba yako. Ukatoroka kupitia Chepilat, umelazwa chini ya kabichi kwenye lori la Omariba, ukaniachia binti yako Nelvine akiwa bado shuleni na mama yake kaburini. Sikulalamika. Nilifurahi hata, kwa vile ulikuwa ukimpigia simu kila Jumapili unamsomea hadithi mpya, naye anakuambia bila huruma mahali inapochosha.

Halafu ukanyamaza. Ni mwaka wa pili huu. Nikipiga namba yako, naongeleshwa na mashine kwa lugha yao, na mimi kwa ujinga wangu naisalimia. Kama ulinyamaza ili tusidhuriwe, mheshimiwa alishindwa uchaguzi, siku hizi anafuga kuku na hakuna anayemwogopa. Pale tunapopimiwa majani, wengine walisema ati umeoa mzungu umetusahau, wengine ati baridi ilikumaliza. Nikawaonyesha kitabu. Ombati, karani wa mizani, akaniuliza kwani kitabu cha marehemu hakichapwi. Nikainua kikapu changu nikaenda.

Sasa habari yenyewe. Nelvine aliolewa na Kimeli, fundi wa pikipiki kutoka Bomet, kijana wa adabu, na amejifungua mvulana. Umekuwa babu. Mama mkwe wake, Chepkurui, ni mtu wa desturi. Alisema ni lazima mtoto aitiwe majina ya waliotangulia mpaka apige chafya, ndiyo ijulikane ni nani amerudi. Nilimwambia sisi tumeokoka. Akanijibu ati hata Yesu alipokuwa mchanga alipiga chafya. Nikaona nisigombane penye mzazi, nikaenda kukoroga uji.

Wakaita majina ya wazee wote wa ukoo wa Kimeli. Mtoto kimya, anawatazama kama hakimu. Wakamsogezea ugoro kidogo puani, wapi! Wakaingia ukoo wetu: babu, baba, mpaka yule mjomba aliyekuwa akiiba mbuzi. Hakuna. Mara jina lako likasikika. Alipiga chafya mpaka kofia ikamtoka, na wanawake wakashangilia kabla hawajafikiri.

Unajua vile mambo yalivyo. Jina la mtu aliye hai haliitwi pale. Likiitwa na mtoto akaitika, basi mwenyewe hayupo. Nelvine alilia kilio ambacho sikutaka kukisikia tena maishani. Amenyoa nywele. Ile simu aliyokuwa akilala nayo akingoja upige, ameizima akaitupa ndani ya sanduku. Vitabu vyako hataki vifunguliwe nyumbani. Naye Chepkurui ananiuliza kila akiniona kama ibada yako ya kumbukumbu tutachinja ng'ombe ama mbuzi. Nilimwambia akachinje kuku wa mheshimiwa.

Ndugu yangu, kuna jambo sijamwambia hata mchungaji. Kila mtu anauliza ni nani alitaja jina lako. Wanawake walikuwa wengi, kila mmoja anadhani ni mwenzake. Ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mtoto alikunja uso vile wewe hukunja ukitafuta neno, na jina likanitoka. Ningeweza kusema niliteleza ulimi, lakini Mungu ananiona. Miaka hii yote nimesimama kanisani nikisema ndugu yangu yu hai, na moyoni nilikuwa nimeshakuzika. Chafya ilipokuja, wenzangu walishtuka. Mimi sikushtuka, na hilo ndilo linanikosesha amani.

Kama u hai, nimekukosea sana, nawe unigombeze utakavyo, nitafurahi. Nelvine nikimwambia ni mimi ataona namfariji tu. Anataka kusikia sauti yako. Piga kwangu, nitampelekea.

Barua hii naituma kwa anwani ya hao waliochapa kitabu. Na wewe mgeni, kama umeifungua kwa sababu Kipkosgei hayupo, tafadhali usituhurumie. Tuandikie ukweli, hata kwa lugha yenu. Chege atatafuta wa kutusomea.

Chege, Omariba na Kimeli wanakusalimu. Mjukuu wako ananyonya vizuri. Bwana akulinde popote ulipo.

Tafadhali jibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Chepkemboi