Tulivuna Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepunguza kuuma, na bata wako hawajamaliza tena mboga za jirani. Mimi huku sijambo kabisa, naandika huku nacheka peke yangu.

Unajua nilivyoupata ubwana huu. Nilikuwa karani wa ghala tu. Mkuu wa wilaya alipowakimbia waasi, wazee wa mji wa Pingze wakanikabidhi muhuri wake wa utawala, nikajikuta natawala mji na kikosi changu mwenyewe. Nawe ukatangazia kijiji kizima kwamba umezaa jenerali.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Jenerali Geng Lie alituzingira akiutaka mji, na mtama wetu umeiva nje ya ukuta. Askari wake walitutukana wee, wakituuliza kama humu ndani tunapika matofali. Wangu wakawajibu kwamba hata hayo matofali wasingewabakizia. Kumbe pande zote tuna njaa, na mawingu yanakusanyika. Mvua ikinyesha mtama unaoza, na baridi ikija tunakwisha sote. Nikapanda ukutani, nikampigia kelele Geng kwamba tuvune kwanza, tuuane baadaye. Alicheka nusura aanguke kutoka kwenye farasi, akakubali.

Mama, laiti ungeona! Watu waliokuwa wakitukaniana mama zao wakawa wanapokezana mundu. Tulipika uji vyungu kwa vyungu, na mpishi wake na wangu wakagombania chumvi kama mawifi. Mvua ilipoanza, mtama ulikuwa umeshaingia ghalani. Sasa nani angemchoma mkuki mtu aliyemfungia miganda? Geng aliniambia kwa aibu kwamba askari wake wamemgomea. Nikamwambia ajipe moyo, wangu walikuwa wamenigomea tangu jana yake.

Basi Mama, kaa chini kwanza. Muhuri nimempa yeye, na mji pamoja nao, maana aliutaka kuliko mimi. Ameapa mbele ya wazee kwamba hatagusa mtu wala nafaka, na mpaka leo ametimiza. Mimi si bwana wa mtu tena. Nimechelewa kukuandikia kwa kuogopa utaaibika kwa majirani, lakini nina furaha, Mama, furaha ya kweli!

Nitafika kabla ya theluji. Tangu nipate cheo umekuwa ukiniita Mheshimiwa na kuniinamia langoni, na kila mara roho iliniuma. Safari hii usiiname. Niite lile jina baya la utotoni, ulilonipa ili mashetani wasinitamani. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.

Nisalimie dada na wanawe wote.

Mwanao,
Kijibwa