Nyumba ya Mwaitu Imejengwa Mara ya Pili

Kalama,
Machakos.
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Musili,

Habari za Winnipeg? Ndanu na watoto ni wazima? Baridi imeshawaingia mifupani? Sisi huku hatujambo, Mungu ametubeba. Mvua imefika, mahindi na kunde vimeota, na asubuhi ukungu hukaa hapa nyumbani mpaka saa tatu. Hata ng'ombe humwoni, unasikia tu kengele yake.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki tangu Agosti. Najua umekasirika. Nami niko na kiburi changu, sikatai, lakini kununiana na mtoto wa mama yangu kumenishinda.

Lile tingatinga uliloagiza libomoe nyumba ya mwaitu, mama yetu, ni mimi niliyelirudisha. Dereva nilimpa uji, akanywa vikombe viwili, nikamwonyesha njia. Ulitaka nyumba kuukuu yenye nyufa isukumwe korongoni, mama ajengewe jumba la mawe na zege. Ulimtakia mema. Lakini hukuniuliza, nami sikukuuliza. Tulikosa wote.

Unamkumbuka Munyiva wa shangazi? Siku hizi ni mhandisi wa majengo. Aliniambia nyumba iko na moshi wake tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: moshi wa kuchoma tofali na saruji, moshi wa malori, na moshi wa siku ya kuibomoa. Moshi wa matofali ya baba ulishapanda mbinguni mwaka ule alipowasha tanuru. Tukiyatupa na kuchoma mengine, tunaupandisha upya. Nikaikumbuka miti ya bondeni iliyomezwa na tanuru lile. Mpaka leo nikifumba macho naiona imesimama.

Bahati nzuri, baba alijenga kwa udongo, si kwa saruji, kwa hivyo tofali huachana bila ugomvi. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, walikuja siku nne, Kamanthe akiongoza nyimbo. Tuliyapitisha matofali mkono kwa mkono na kuyakwangua kwa mapanga butu, vumbi jekundu likatufunika hata hatujuani. Ilikuwa kama ndoto, kaka. Nyumba inashuka polepole, safu kwa safu, na hakuna kinachovunjika.

Fundi Josphat ameijenga pale pale. Saruji ni ya msingi tu, kuta ni udongo tena, ili hata wajukuu wakiichoka waifungue kama sisi. Mbao na mabati ni yale yale. Madirisha yanavuta upepo wa mlimani, mchana hakuna joto.

Sasa nikwambie lililoninyima usingizi. Macho ya mwaitu yamezimika kabisa. Alinikataza kukwambia, eti utapata wasiwasi ugenini. Nyumba ile aliijua kwa vidole, na mimi nimeifumua yote. Nilijiuliza, je, akipotea ndani ya nyumba yake mwenyewe? Ungekuwa na haki ya kutonisamehe. Plasta sikupiga, ili angalau vidole vyake vipate cha kusoma.

Jumapili iliyopita baada ya misa tulimpeleka. Alisimama mlangoni, nami nyuma yake. Kisha akaanza kupapasa. "Hili lilikuwa la jikoni," akasema, akinusa masizi kidoleni. Akasogea. Akapapasa tena.

Unaikumbuka ile herufi M, baba alipokupima urefu ukiwa wa miaka sita, akaichora kwa msumari kwenye tofali? Josphat hakujua habari zake. Tofali hilo ameliweka juu kabisa, mahali mwaitu anafika akinyoosha mkono. Akanyoosha. Akaipata. Weh, alicheka hadi nikamshika asianguke!

"Musili amekuwa mrefu!" akasema. Halafu, mkono bado uko juu, akaniuliza kama umeshafika nyumbani.

Kila asubuhi sasa anaenda pale, anakugusa, ndipo anakunywa chai.

Nisalimie Ndanu na uwakumbatie watoto. Kamanthe na Munyiva wanakusalimu sana. Mungu awafunike huko kwenye theluji, na njia ya kurudi aifungue mapema. Asai, tafadhali kaka, shika simu. Kama si kwa ajili yangu, basi mwaitu akusikie ukiongea kutoka kimo chako kipya.

Dada yako anayekupenda hata ukinuna,

Mbithe