Taa Inayowahi Kuwaka

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimefika mahali ambapo nikisema ni kosa na nikinyamaza ni kosa. Mimi ni fundi mitambo katika karakana ya jeshi, ni raia tu niliyeajiriwa, na aliyeniingiza kazini na kunifundisha kulehemu ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye anastaafu mwisho wa mwezi huu. Tuna simu za siri za zamani, nzito kama tofali, zinazovuruga sauti ili anayedukua asiambulie kitu, na tukaambiwa tuziunganishe na mtandao mpya wa setilaiti kwa sababu nyaya za kwenda vituo vya mbali zimeoza na simu mpya hazijaja. Sasa simu hizi husalimiana kwanza zenyewe kwa zenyewe, zikielewana ndipo taa ya kijani inawaka na mtu anaongea, lakini salamu ikipanda hadi angani na kurudi inachelewa, na simu ya kale haina subira, inakata. Mjomba akatengeneza kisanduku kinachoitikia salamu kwa niaba ya simu ya mbali, taa ikawaka, wakubwa wakapiga makofi, na Ijumaa kinakabidhiwa rasmi ili vingine kama hicho vipelekwe vituo vyote vya mpakani.

Mshauri, taa ile inawahi, inawaka kabla simu ya mbali haijaitikia kweli na sauti haijaanza kuvurugwa. Juzi nilivaa spika za masikioni nikachomeka katikati ya laini, pale ambapo nilitakiwa nisikie mkwaruzo tu, nikamsikia mjomba akikohoa, wazi kabisa, halafu ndipo mkwaruzo ukaanza. Mjomba hawezi kuongea na simu bila kwanza kusafisha koo, ndivyo alivyo tangu nimjue, na majaribio yote aliyafanya yeye, kwa hiyo kilichokuwa kikivuja siku zote ni kikohozi chake na hakuna aliyeshtuka. Alipotoka kwenda kula nikajaribu mwenyewe huku nikirekodi, nikakitaja kituo mara tu taa ilipowaka, na nilipoirudia rekodi nikasikia jina la kituo na mahali kilipo, kama tangazo la sokoni.

Nikamuuliza kwa kuzunguka kama hiyo taa haiwahi kidogo. Akacheka. “Taa ikiwaka imewaka, mama. Punguza wasiwasi.” Nyumbani nikamweleza mama, akaacha kukunja nguo akaniangalia. “Huyo ndiye aliyekulea baba yako alipoondoka. Leo unataka kumvua nguo siku ya kumuaga?” Na mjomba mwenyewe ana furaha mno, hata mwanawe wa mwisho, askari aliyepangiwa kituo kimoja huko mpakani amepiga simu kumpongeza. Nimwache mzee aondoke na heshima yake, kisha nirekebishe kimyakimya, au niseme?

Fundi Mwenye Wasiwasi

*

Fundi, marahaba. Kabla ya yote nikugombeze. Barua yako ilikuja na aina ya simu, idadi yake na majina ya vituo. Unalia kwamba kisanduku kinavujisha maneno mawili matatu, na wewe umenivujishia kurasa nzima. Hayo yote nimeyakata kwa mkasi na kuyachoma kabla mhariri hajayaona. Usirudie.

Sasa pole. Kumsahihisha aliyekufundisha kazi kunauma, na ukikwaruzana na mama nyumba inakuwa ndogo. Lakini hiyo habari ya kurekebisha kimyakimya baadaye iondoe kichwani. Baada ya Ijumaa visanduku vitakwenda mpakani na wewe utabaki karakanani, na wakati unatafuta namna ya kuvifikia kuna mtu atakuwa anaongea.

Pia acha kuzunguka. Umemuuliza mzee swali la nusu, akakupa jibu la nusu. Kesho asubuhi mvalishe hizo spika, wewe ukae kwenye simu, na taa ikiwaka uongee papo hapo. Usimweleze kitu. Fundi akisikia kosa kwa masikio yake hahitaji kuhubiriwa. Kisha mwombe yeye mwenyewe aende kwa mkuu, makabidhiano yasogezwe mbele, halafu mkae pamoja mfanye kisanduku kizuie sauti mpaka simu ya mbali iitikie kweli. Ataagwa kwa heshima zaidi ya hiyo unayotaka kumtunzia. Akikataa, nenda wewe kwa mkuu siku hiyohiyo, ila umwambie mjomba kwamba unakwenda. Usimpitie mgongoni.

Mama atanuna. Atapakua bila kukuita, kisha siku moja atakuita.

Lakini kuna jambo umelitaja mwishoni kama salamu za nyongeza, nami nimelisoma mara mbili. Huyo mwanawe wa mwisho amekulia kwenye simu za siku hizi, kama wewe. Akiona kijani hatasafisha koo, ataongea papo hapo. Mwambie mama hivyo.