Mlango Mdogo wa Naitoti

Nangara, Babati

Mwanangu Nosim, siku hizi Mama Naitoti,

Huku tu wazima. Mvua imechelewa, ila maharage yameota na kuku wako mweupe ameangua.

Uliyosema kwenye simu niliyaelewa nusu, nikamwuliza nesi wa zahanati. Ati mtoto akiwa tumboni, damu yake inachukua pumzi kwa mama kupitia kitovu, na moyoni ina mlango mdogo wa kupita bila kuzunguka mapafuni. Akizaliwa akalia, mapafu yanafunguka, mlango unajifunga. Wa Naitoti ndio bado uko wazi.

"Mama Nosim, mingine huchelewa," akaniambia. "Wasikose tu kliniki."

Nikakumbuka ulivyozaliwa wewe kule Simanjiro. Bibi yako alipokukata kitovu alikuambia kimila, "Chunga moyo wako, nami nichunge wangu." Ukalia mpaka ndama wakaitikia. Baba yako alicheka sana, Mungu amrehemu.

Wanawake wote nyumbani waliyakubali maneno yale. Mimi mpaka leo sijayakubali. Kwa hiyo siku ya kliniki msiingie kwa daktari kabla sijafika.

Mvike kofia.

Mama yako,
Naisimoi