Daftari Nililokuachia

Misisi, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpenzi Immaculée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kifua cha mama kimepoa? Na wewe, unakula vizuri? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kila tunapotoka kwenye shimo la dhahabu, na vidole vimekakamaa hadi kalamu inanishinda. Usicheke mwandiko.

Fadhili wa pikipiki alinipa barua yako, nikaisoma mara tatu. Unasema ile ofisi ya mjini Baraka inayotengeneza tovuti ilikupa jaribio. Mkubwa wao alifungua ukurasa wako kwenye simu, maneno yakatoka nje ya kioo, akauliza ni nani siku hizi anapanga ukurasa kwa majedwali, kama orodha ya wanafunzi. Wengine wakacheka. Alikuambia urudi baada ya wiki mbili ujaribu tena, lakini wewe umeamua kwenda kuuza dagaa na shangazi Suzanne, kwa sababu eti kichwa chako ni kizito.

Nilimweleza Déogratias, mwenzangu wa shimo. Alisema hiyo ni kazi ya wachawi: nyundo aliyonunua mwaka juzi bado ni nyundo, lakini ninyi watu wa tovuti mkilala, mkiamka mnaambiwa ya jana imezeeka. Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha.

Mdogo wangu, kuna jambo nilikuficha. Lile daftari nililokufundishia, nililonakili kwa mkono kutoka kitabu cha mwalimu mmoja wa Fizi, nilijua limepitwa na wakati. Kabla sijakuachia, nilifanya jaribio kama lako katika ofisi moja ya Uvira, nikapanga kila kitu kwa majedwali. Kijana wa pale aliniambia, “Kaka, hii mambo tuliachaka zamani.” Niliona haya. Nyumbani nikasema nafasi zimejaa, nikaja huku kuchimba. Wewe ulikuwa unaniangalia kama mwalimu mkubwa, nami sikutaka kupoteza macho hayo.

Kwa hiyo kichwa chako si kizito. Ulijifunza vizuri kabisa kitu kilichozeeka, na mimi ndiye niliyekupa. Unisamehe. Waulize hao waliokucheka wanafanyaje sasa, na mwaka kesho uwaulize tena, bila haya.

Mimi pia, kule Uvira, waliniambia nirudi. Sikurudi. Wewe rudi, mdogo wangu.

Msalimie mama, shangazi Suzanne na majirani wote. Nawabeba moyoni kila siku.

Ni mimi kaka yako,
Darius